Dakika Tisa Alizozijaza Kaka

Kaka yangu ana mdomo, na mdomo huo ndio unaomlisha. Ni mtafsiri wa filamu. Ukiingia banda la video Kasulu, Kibondo au popote katikati, ukaona Mhindi anafungua kinywa na Kiswahili chenye lafudhi ya Kiha kinatoka, ujue mara nyingi huyo ni kaka. Anarekodia kwenye chumba kimoja mjini Kasulu alichokitundikia magodoro mabovu ukutani ili pikipiki za nje zisisikike. Anaigiza steringi, anaigiza adui, mama mkwe, mtoto, hata mbwa. Na pale ambapo hakuna anayesema, anasema yeye.

Mimi ndiye ninayempatia filamu. Nina duka dogo Kibondo, jirani na soko, ninapowajazia watu filamu na nyimbo kwenye flashi na kadi za simu. Filamu zinanifikia zikiwa bado na lugha yao, maandishi ya Kiingereza yakipita chini. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, lakini kwa kusoma yale maandishi kila siku kimenyooka kidogo. Kwa hiyo naziona filamu kama zilivyotengenezwa, halafu naziona tena kaka alivyozifanya. Hapo ndipo hasira zangu zinapoanzia.

Kwanza ni majina. Filamu ikianza majina yanapita, na kaka huyakata yote. Anasema watu hawakuja bandani kusoma. Kwetu filamu inaitwa kwa steringi wake: ile ya mwenye ndevu, ile ya yule mrefu. Hakuna anayeuliza ni nani aliyesimama nyuma ya kamera akawaambia wote wale simameni hapa, geukeni, sasa lieni. Hata mimi sikuwahi kuuliza, na hilo bado linaniudhi.

Filamu ya kwanza ilikuwa ya polisi. Ngumi, magari, adui mwenye nyumba ya ghorofa nne na roho ya fisi. Niliipenda kama watu wote walivyoipenda, kwa zile ngumi. Ila kulikuwa na jambo moja. Mwishoni adui ametiwa pingu, anaomba maji. Polisi anampa glasi, na kamera inakaa hapohapo mpaka anamaliza. Hakuna muziki. Unaona koo lake linavyopanda na kushuka, na kwa mara ya kwanza unakumbuka kwamba huyu mshenzi naye ana kiu. Bandani watu walipiga miluzi wakidhani mashine imekwama, na kaka akajaza pale maneno ya kumtukana adui mpaka glasi ikaisha.

Miezi kadhaa baadaye nikapata filamu ya kuchekesha, ya harusi. Bwana harusi amepotea na farasi wake, ukoo mzima unamtafuta, wapishi wanagombana, bibi mmoja amefungiwa stoo kwa bahati mbaya na anakula peremende zote. Nilicheka mpaka mteja akakasirika akaondoka na flashi yake tupu. Katikati ya vurugu hizo baba wa bibi harusi anaketi kwenye kiti, anapewa glasi ya maji, na anakunywa taratibu mpaka tone la mwisho huku wageni wote wakimngoja aseme kama harusi ipo au haipo. Nikasimamisha filamu. Nilikuwa nimeshaona mtu akinywa maji hivyo. Nikarudisha mwanzo, nikasoma majina, nikafungua ile ya polisi nikasoma na yake. Mwongozaji alikuwa mmoja.

Sijui nieleze vipi furaha niliyoipata. Nilijisikia nimeokota kitu ambacho watu wote walikuwa wanakikanyaga. Nikaanza kumtafuta. Nikapata ya tatu, ya mzuka. Si mzuka wa gizani, ni mwanamke anayetokea kisimani saa saba mchana, jua la utosi, watu wakiwa wanakula. Siku ile nilifunga duka mapema na nikaomba jirani anisindikize chooni. Mtu yuleyule aliyenichekesha mpaka nikapoteza mteja ndiye aliyeniogopesha hivyo. Kila filamu ilikuwa nyumba nyingine kabisa, ila mahali fulani ndani yake mtu alipewa maji na wote tukangoja anywe.

Nilimpigia kaka simu nikiwa bado nahema. Nikamweleza kwamba ile ya polisi, ile ya harusi na ile ya mzuka zote ni za mtu mmoja. Akauliza, kwa hiyo? Kwa hiyo. Nilikata simu, na sikumpigia tena wiki nzima. Mtu mmoja ameweza kuyafanya yote yale, na mtu mwingine amekaa kwenye magodoro yake anayafunika yote kwa sauti moja ileile, mzaha uleule, kicheko kilekile, halafu anauliza kwa hiyo.

Ya nne ndiyo iliyotugombanisha kweli. Haina ngumi wala harusi. Bibi mmoja anarudi katika kijiji alichokimbia utotoni, anatafuta nyumba ya baba yake. Anaipata. Ina watu wengine, wameijenga upya na kuipaka rangi ya bluu. Dakika tisa za mwisho hakuna anayesema hata neno. Bibi anasimama langoni. Mwanamke kijana wa nyumba ile anatoka, anamtazama, anaingia ndani, anatoka na kikombe cha maji. Bibi anakunywa mpaka mwisho. Anarudisha kikombe. Anageuka, anatembea barabarani mpaka anakuwa mdogo, na filamu inaishia hapo. Niliitazama dukani mara tatu kwa siku moja. Nililia, na sioni aibu kusema.

Nilimpa kaka na kumsihi kitu kimoja tu, kwamba zile dakika tisa aziache. Akasema sawa.

Hapa inabidi nimtaje Mama. Mama anaishi Makere, analima maharage na mihogo, na nyonga yake ya kushoto imechoka. Alivuka kutoka Burundi akiwa binti mdogo, amebeba sufuria kichwani, akakulia huku, akaolewa huku, akatuzaa huku, na sasa ni Mtanzania mwenye kitambulisho chake. Lakini akikaa na wanawake wenzake wa rika lake neno halikawii kutoka: itongo. Ni shamba la ukoo, mahali palipozikwa wazee. La baba yake liko juu ya kilima ambacho angeweza kukuchorea kwa kijiti. Filamu za kaka hazimpiti. Jumapili baada ya ibada anakwenda sebuleni kwa jirani mwenye televisheni ya sola, na haendi kumwona Mhindi. Anakwenda kumsikiliza mwanawe.

Jirani huyo ndiye aliyenipigia simu. Alisema Mama ameshusha begi juu ya kabati, ameanika vitenge vyake vizuri, na ameshakwenda kwa mtendaji wa kijiji kuomba barua ya kusafiria. Anasema anakwenda kwenye itongo lao. Nikauliza imeanza lini. Akasema tangu Jumapili, tangu ile filamu ya bibi aliyerudishiwa chumba chake.

Aliyerudishiwa nini?

Nilimwomba anirushie ile filamu, nikafunga mlango wa duka nikaisikiliza. Kaka alikuwa amezijaza dakika zote tisa. Mwanamke kijana alipotoka, kaka akambandika sauti nyembamba: karibu nyumbani mama, tumekungoja miaka yote, chumba chako tumekitunza. Bibi alipokunywa, kaka akamfanya amshukuru Mungu kwa maneno kama hamsini huku midomo yake iko kwenye kikombe. Na alipogeuka kuondoka, anatembea, mgongo wake unapotea barabarani, kaka akasema anakwenda stendi kuchukua mizigo yake. Stendi! Katika filamu nzima hakuna stendi. Nyuma ya sauti yake ulisikika muziki wa kwaya, na sebuleni kwa jirani, nikaambiwa, watu walipiga makofi.

Nimewahi kukasirika maishani, lakini si vile. Mama mwenye nyonga mbovu anakwenda kuvuka mpaka, kupanda kilima, kubisha hodi kwa watu asiowajua akitegemea chumba, kwa sababu mwanawe hawezi kuacha watu wakae kimya dakika tisa. Kesho yake asubuhi nilikuwa Kasulu. Nilimkuta kaka kwenye magodoro yake, nikamwambia yote niliyokuwa nayo kifuani, na mengine ambayo sikujua kama ninayo. Nilimwambia amemwibia yule mwongozaji, na amemdanganya mama yake mzazi.

Hakubisha, na hilo liliniudhi zaidi maana nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi. Alisema alianza kurekodi akiwa na nia ya kuziacha zile dakika. Alipofika pale langoni akamkumbuka Mama, na jinsi atakavyorudi nyumbani peke yake Jumapili jioni akiwa na picha ile kichwani.

"Nilimwona analia," akasema. "Sikuweza."

Nikamwambia huruma yake itamfikisha Mama langoni kwa watu. Nikachukua kompyuta yangu, nikambeba kaka mzimamzima mpaka Makere.

Mama alikuwa uani anapukuchua maharage. Begi lilikuwa mlangoni, limefungwa. Nilimwambia kuna kitu anapaswa kukiona, kwamba filamu aliyoonyeshwa haikuwa vile, na kwamba mwanawe huyu aliyekaa hapa kichwa chini ndiye aliyetia maneno ambayo hayakuwemo. Nikaweka kompyuta juu ya gunia na kufungua zile dakika tisa, bila sauti ya mtu. Kaka alitazama chini muda wote. Bibi alifika langoni, maji yakatolewa, akanywa, akaenda zake. Mama hakuacha kupukuchua.

Ilipokwisha nikaanza kumweleza. Nikasema yule bibi hakupewa chumba, alifukuzwa kwa upole. Mama akanitazama kama mtu anayeelezwa njia ya kwenda kisimani kwake mwenyewe.

"Mwana wanje, mwanangu, walimpa maji amesimama," akasema. "Mimi nilijua palepale."

Nyumbani kwetu, tangu tukiwa wadogo, mgeni hapewi kitu cha kunywa kabla hajakaa. Ukimpa akiwa amesimama umemwambia amalize aende. Tulichapwa kwa kosa hilo, mimi na kaka wote wawili. Nikamtazama kaka, na nikaona naye ndiyo kwanza linamwingia. Yeye alikuwa na mdomo wake, mimi nilikuwa na maandishi yangu ya chini, nikijiona mjuzi wa yule mwongozaji kuliko mtu yeyote wilayani. Mama hakujua hata kwamba filamu zina mwongozaji, na ndiye pekee aliyeiona. Hasira nilizokuja nazo kwa ajili ya kaka zilinigeukia mwenyewe, na hazikupungua hata kidogo njiani.

Nikamuuliza basi begi ni la nini. Alipepeta maharage kwanza. Akasema alimsikia kaka akihangaika na chumba na stendi, akamwacha aseme, mtoto ana kazi yake. Lakini akili yake ilibaki kwenye kikombe.

"Sitaki chumba," akasema. "Nataka nijue kama kuna mtu atanitolea maji."

Nilikasirika upya. Nilimwambia kuhusu nyonga, kuhusu kilima, kuhusu watu ambao wanaweza wasitoe hata hayo maji. Alinisikiliza mpaka nikachoka, halafu akaniuliza kama nitampeleka au apande na watu wengine.

Tulikwenda watatu, baada ya mavuno ya maharage. Tulivukia upande wa Mabamba, vibali mkononi, na kile kilima kilikuwa vilevile alivyozoea kukichora. Tulimpandisha taratibu, akisimama kila baada ya hatua chache. Pale juu palikuwa na ua wa miti, migomba, na nyumba ya bati ambayo Mama hakuwahi kuiona. Akapiga hodi kwa Kirundi. Akatoka mwanamke wa makamo, mikono ina unga. Mama akataja jina la baba yake, basi. Hakusema anataka nini.

Yule mwanamke alimtazama muda mrefu. Akaingia ndani. Nilisikia vyombo vikigongana, na nikagundua nimemshika kaka mkono wakati nilikuwa bado sijamsamehe. Akatoka. Mkono mmoja kikombe, mkono mwingine kigoda.

Kigoda akakiweka nje ya ua. Si ndani, nje, hatua moja kutoka langoni, akakifuta vumbi kwa upindo wa kitenge chake. Mama akakitazama, akatazama lango, kisha akakaa. Ndipo akapewa maji. Alikunywa taratibu, na sisi wote tukangoja, na yule mwanamke naye akangoja, mikono yake ya unga ikiwa imening'inia.

Kaka akavuta pumzi kwa nguvu. Namjua. Ile ndiyo pumzi anayoivuta kwenye magodoro kabla ya kuanza. Nikamkanyaga mguu kwa uzito wangu wote, na sikuuondoa mpaka Mama alipomaliza kikombe.