Tisa Walioandikwa ‘Hawakupatikana’

Saa kumi na mbili asubuhi, nyuma ya nyumba ya vyumba vinne, mwanamke aliyevaa barakoa anamfundisha mwanamume mzima kukohoa.

“Vuta pumzi. Shika. Achia,” anamwambia. “Tena. Vuta, shika, achia. Ya tatu sasa toa kutoka tumboni, usinichezee na koo.”

Mwanamume anakohoa, anatema ndani ya kikopo cha plastiki, kisha anamkabidhi kwa fahari. Mwanamke anakiinua kwenye mwanga, anakitazama, anatikisa kichwa.

“Haya ni mate, kaka yangu. Mate ni ya kubandikia stempu. Mimi nataka makohozi, yale mazito yaliyojificha chini kama panya wa stoo. Rudia.”

Mwanamume anarudia. Mara ya tatu kinatoka kinachotakiwa. Mwanamke anafunga mfuniko, anaandika tarehe ubavuni, anakitia kwenye kiboksi chenye barafu. Amesimama upande upepo unakotokea, kama alivyofundishwa, na mgeni wake hajaonja hata chai, kwa sababu makohozi mazuri ni ya asubuhi, kabla ya kitu kingine kupita kooni. Kila kitu kimefanywa kwa utaratibu. Ila hakuna anayemlipa.

Wiki tano zilizopita waliomwajiri kwa kazi hii walimwambia apumzike nyumbani hadi atakapoitwa. Hajaitwa mpaka leo.

“Watu bado wananigongea,” anasema akinawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko. “Niwafukuze? Kifua cha mtu hakijui kwamba mimi nimesimamishwa.”

Mtaa mzima unamwita Bi Kohoa. Watoto wakimwona wanajikohoza kwa utani, naye huwajibu, “Hicho ni cha kooni, nendeni mkalete cha maana.” Ana miaka arobaini na minane, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Akipanda kilima cha kwenda kwenye machimbo ya kokoto husimama mara tatu kuhema, kwa sababu pafu lake la kushoto linafanya kazi nusu.

Nusu nyingine ilibaki machimboni. Kwa miaka kumi na mmoja aliponda mawe kwa nyundo, amekaa juu ya gunia, kitambaa kimoja puani kutwa nzima. Vumbi la mawe lilimwingia polepole, na kifua kikuu kikaja kukaa mahali palipokwisha kuchimbwa. Alimeza vidonge miezi sita, akapona. Hakurudi tena kwenye nyundo.

Ndiyo maana watafiti walipofika kliniki ya mtaa, miaka mitatu iliyopita, jina lake lilitajwa kwanza. Walikuwa na swali zuri, na mwandishi huyu hawezi kuwanyima haki yao: je, kifua kikuu kinaweza kutibiwa kwa miezi minne badala ya sita? Walihitaji mtu wa kuwatafuta wagonjwa majumbani, kukusanya makohozi na kuwafuatilia mwaka mzima baada ya dawa kwisha. Posho ya mwezi ililipa kodi ya chumba na unga wa wiki mbili. Akakubali siku hiyohiyo.

“Sikukubali kwa sababu ya unga,” anasema. “Nilikubali kwa sababu najua miezi sita ya vidonge ilivyo. Watu wanakata tamaa njiani. Ukiniambia inaweza kuwa minne, nitabeba makohozi kichwani.”

Wakaandikishwa watu mia mbili na kumi na wawili, nusu wakapewa dawa za miezi minne na nusu za miezi sita. Zaidi ya nusu yao wote walikuwa wapondaji kokoto. Yeye ndiye aliyewashawishi, mmoja mmoja, akikaa kwenye magunia yao. Wengi walikubali kwa sababu tu ni yeye.

Kila mmoja alikuwa na fomu. Ukurasa wa mbele una vijumba vya kutia alama ya vema: anaendelea vizuri, anakohoa, amefariki, hakupatikana. Kanuni zilikuwa mbili, naye alizishika kama mtoto anavyoshika sala. Ya kwanza: mtu asipoonekana nyumbani mara tatu, kwa siku tatu tofauti, tia vema kwenye ‘hakupatikana’ na urudishe fomu. Ya pili: alama ikishatiwa, usifute, usikwangue, usiandike juu yake, kwani karatasi ya utafiti haichafuliwi.

Kanuni hizo, kwa aliyezitunga mezani, zina mantiki. Lakini mponda kokoto anayezidiwa hafii kwenye chumba cha kupanga. Akishindwa kusimama, ndugu wanamchukua wakamuuguze kwao, mlango unafungwa kufuli, na mke anaondoka naye. Bi Kohoa alifika, akabisha mara tatu kwa siku tatu, akatia vema.

Kisha, baada ya mwezi au miwili, mke anarudi peke yake kuchukua vyombo.

“Namwona anafungasha masufuria, namuuliza, shemeji yu wapi? Ananiangalia tu. Basi nishaelewa,” anasema. “Nikimaliza kulia naye, nakwenda ofisini kuomba ile fomu. Kufuta hawaruhusu, na mbele hakuna nafasi. Kwa hiyo naigeuza, naandika nyuma kwa herufi kubwa: AMEFARIKI, na tarehe, na nimeambiwa na nani. Nilidhani mtu akipewa karatasi anaisoma yote.”

Aliandika hivyo mara tisa.

Aliligundua kosa hilo siku ya kutangaza matokeo, katika ukumbi wa kliniki. Yeye ndiye aliyepanga viti. Ukutani palikuwa na bango la matokeo, akalisoma akiwa bado ameshika kiti mkononi. Waliofariki: watatu. Hawakupatikana: kumi na wanne. Chini yake, kwa wino wa kijani, maandishi yalisema kwamba matibabu ya miezi minne ni salama sawa na ya sita.

“Nikacheka kwanza,” anakumbuka. “Nikasema hawa wamekosea kuchapa. Nikahesabu kwa vidole. Kati ya hao kumi na wanne, watano nawajua wamehama kutafuta kazi, na wawili kati ya hao watano nimeongea nao kwa simu. Wanaobaki ni tisa. Ni tisa wangu walewale.”

Alikwenda kwa karani wa takwimu, aliyekuwa amekaa nyuma na kompyuta yake, akamuuliza kuhusu maandishi ya nyuma ya fomu. Karani ni mtu mpole. Alimjibu bila ubaya wowote: “Mama, mashine inapiga picha upande wa mbele tu. Nyuma hakuna cha kusoma.”

Karani huyo amelithibitishia gazeti hili kwamba ndivyo ilivyokuwa. Maandishi ya nyuma ya fomu hayakuingizwa popote.

Hapa ndipo damu inapochemka. Wanane kati ya wale tisa walikuwa kwenye kundi la miezi minne, na wote wanane walikuwa wapondaji. Bi Kohoa anajua kwa sababu yeye ndiye aliyewapelekea vidonge vya mwisho na kuwapa mkono wa pongezi. Ugonjwa uliwarudia miezi mitatu au minne baadaye, kwenye mapafu yaliyokwisha kuchakazwa na vumbi. Huenda kwa mwalimu au fundi cherehani miezi minne inatosha kabisa. Kwa mponda mawe, watu wanane wanauliza swali, na bango limewafunga midomo kwa neno moja la adabu. Hawakupatikana, kana kwamba walitoroka!

Daktari mkuu wa utafiti alizungumza dakika arobaini. Alipouliza kama kuna maswali, Bi Kohoa alisimama.

“Daktari, hao kumi na wanne mnaosema hawakupatikana, mimi tisa najua walipo,” alisema. “Twende nikuoneshe. Hakuna hata mmoja atakayetukimbia.”

Daktari alisema hilo ni jambo la kiufundi, watalizungumza ofisini. Bi Kohoa hakukaa.

“Mimi niliingia majumbani mwa watu na methali moja: mficha maradhi, kifo humuumbua. Wakanifungulia, wakanipa makohozi yao. Leo nyinyi mnaficha kifo chenyewe. Niwaambie nini wajane?”

“Dada, takwimu tumeshazifunga,” daktari alijibu. “Hata tukiwaongeza hao, picha kwa ujumla haibadiliki.”

“Picha ya nani?”

Siku iliyofuata alipewa barua ya mistari minne, ikimtaka apumzike. Gazeti hili lilipomtafuta daktari huyo, alituma ujumbe mfupi: utafiti ulifuata taratibu zote zilizokubaliwa. Huenda ni kweli, na ndilo jambo baya kuliko yote. Hakuna aliyeiba wala kughushi. Kila mtu alifuata kanuni, na watu tisa wakapotelea nyuma ya karatasi. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kwa waliokaa mbele ya lile bango, maiti tisa hazikuwa na uzito hata wa pamba.

Bi Kohoa hajitoi katika lawama. Anaunyoosha mkono wake wa kulia juu ya meza, vidole vyenye makovu ya nyundo.

“Mkono uliotia vema ni huu. Ningebisha mara ya nne. Ningemuuliza jirani. Lakini nikasema kanuni ni tatu, nisijifanye mjuaji mbele ya wasomi. Hilo nalala nalo.”

Na halali na hilo peke yake. Kliniki imekwisha kuanza kutoa dawa za miezi minne kwa wagonjwa wapya, ikianza na eneo la machimbo, kwa kuwa ndiko waliko wengi. Mmoja wa watu wa kwanza kuandikishwa ni mdogo wake wa tumbo moja, mponda kokoto mwenye miaka thelathini na tisa na watoto watatu. Amemeza wiki tatu. Imebaki miezi mitatu na wiki moja aambiwe amepona, aende zake.

Kila asubuhi Bi Kohoa hupita kumsimamia ameze. Hataki aache hata kidonge kimoja, na hapo anakuwa mkali kuliko mahali pengine popote.

“Dawa ni nzuri, sisemi watu waache dawa. Atakayeacha atanikuta mlangoni,” anasema. “Ninachotaka ni mwezi wa tano na wa sita. Basi.”

Alikwenda kumwomba muuguzi. Muuguzi alimwonea huruma lakini akafungua kabati kumwonesha. “Mwongozo ukisema minne, stoo inaniletea ya minne. Hivyo vya mwezi wa tano nitavitoa wapi, dada?”

Kinachomuumiza zaidi ni kwamba mdogo wake mwenyewe hataki miezi sita. Tunamkuta ameketi kizingitini, shati limemzidi, anakunywa uji taratibu.

“Dada yangu nampenda, ila ananitakia mkosi,” anasema. “Minne ni minne. Kila mwezi nisiofanya kazi, watoto wanakula kwa shangazi zao. Daktari kasema inatosha. Yeye ni daktari?”

“Mimi si daktari,” Bi Kohoa anajibu kabla hatujamgeukia. “Mimi ndiye niliyelia na wajane wa wale waliotoshelezwa.”

Mdogo wake anarudi kwenye uji. Mkewe, aliyekuwa akifua pembeni, anaacha kufua.

“Wangapi?” anauliza mke huyo kwa sauti ndogo.

“Wanane, wifi. Wote wa nyundo kama huyu.”

Mke anafuta mikono kwenye kanga yake, anamtazama mumewe muda mrefu. “Utakwenda naye Jumatatu,” anamwambia. Hamuulizi.

Jumatatu ndiyo siku yenyewe. Kamati ya maadili ya utafiti, ambayo ndiyo iliyotoa kibali cha kazi ile, imekubali kumsikiliza kwa dakika kumi na tano. Barua yao inamtaka alete vielelezo. Fomu hana, zimo kwenye kabati la watafiti. Kwa hiyo ameamua kuwapeleka wajane. Sita wamekubali, na wawili wataleta vyeti vya kifo. Amewapangia wataingia kwa mpangilio wa tarehe walizofiwa, na amewaambia wasilie mpaka wamalize kusema, kwa sababu dakika kumi na tano ni chache.

Ataiomba kamati mambo mawili. Takwimu zifunguliwe na marehemu tisa wahesabiwe kama marehemu. Na hadi hesabu hiyo itakapokamilika, kila mponda kokoto aendelezewe dawa hadi mwezi wa sita.

Wa mwisho kuingia atakuwa mdogo wake.

“Nitamsimamisha mbele yao. Wale tisa walikuwa karatasi, ikawa rahisi. Huyu anapumua. Wamtazame usoni, kisha waniambie wao wenyewe kwamba kwake minne inatosha.”

Na kamati ikimwongezea miezi miwili, je, hamwogopi mdogo wake, aliyekwisha kumnunia tangu sasa? Kwa mara ya kwanza asubuhi hii Bi Kohoa anacheka, cheko linaloishia kwenye kikohozi, anakinga mdomo kwa kiwiko, anasubiri kipite.

“Aninunie,” anasema. “Nataka azeeke akinung’unika. Nataka awe babu mwenye mvi, anawasimulia wajukuu jinsi dada yake alivyomharibia miezi miwili ya kazi.”