Nilitafuta Reli Msituni

Hamjambo ndugu zangu wagonjwa, nanyi mnaowauguza. Naitwa Kalunde. Miaka miwili iliyopita nililala kitanda kile cha tatu kutoka mlangoni. Mwuguzi ameniomba niwaeleze yaliyonipata.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilizaliwa Kigwa, na tangu utotoni nilipenda kukimbia. Kila alfajiri nilivaa raba, nikajifunga kanga juu ya gauni, nikakimbia kando ya reli mpaka kwenye daraja dogo na kurudi. Kila jiwe la njia ile nililijua. Watu walinisalimia kwa kicheko: "Mwangaluka, Mwalimu! Nani kakufukuza leo?"

Kisha mimi na mume wangu, Masanja, tukahamia kijiji kipya cha ujamaa, ng'ambo ya Usinge, ndani ya msitu. Nilidhani nitakufa kwa upweke. Lakini nikaigundua njia ya warina asali. Ilipinda katikati ya mininga, ikashuka bondeni, ikapanda tena. Kila siku niliongeza kipande kidogo nisichokijua. Wakati wa likizo nilirudi Kigwa kukimbia kando ya reli, na huko nikaikumbuka njia ile ya msituni. Nilizipenda zote mbili.

Mbung'o walikuwepo. Waliniuma mara nyingi, sikujali. Mmoja aliniuma nyuma ya shingo. Pakavimba, pakawa pagumu na pekundu, kama jipu lisilotoa usaha. Baada ya siku kadhaa homa ikaanza. Zahanati wakanipa klorokwini. Homa ikashuka, ikarudi. Tezi za shingo zikavimba. Kichwa kikaniuma mpaka kwenye meno.

Halafu ukaja usingizi. Mchana nililala nimesimama ubaoni, chaki mkononi. Nikizinduka, sijui ni somo gani. Usiku sikupata hata lepe. Nilitia chumvi kwenye chai ya Masanja siku tatu mfululizo. Aliponiambia, nilimpiga kofi, mimi ambaye sikuwahi kumpandishia sauti. Kisha nikalia. "Kwani nimefanya nini?"

"Hata mimi sielewi, Kalunde," akasema.

Kwenye shamba la ujamaa nilisinzia nimeegemea mpini wa jembe. Balozi wetu wa nyumba kumi akasema mbele ya watu, "Mwalimu anawafundisha watoto kujitegemea, mwenyewe anategea!" Watu wakaangua kicheko. Niliona haya sana, nikaanza kuamini kwamba kweli mimi ni mvivu. Mama mkwe alisema nimerogwa. Masanja alidhani nimekichoka kijiji, nataka kurudi kwetu. Nami sikujua nimwamini nani.

Asubuhi moja nilitoka kukimbia, nijihakikishie kwamba si mvivu. Miguu ilikuwa mizito, mikono inatetemeka. Nilipofika njia panda, sikuitambua. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba niko Kigwa, na reli iko hapo mbele. Nikaitafuta. Jua likapanda. Nikavua raba, nikazipanga vizuri kama mtu anayeingia ndani ya nyumba. Kwa nini? Mpaka leo sijui. Nikaketi chini.

Mrina asali mmoja, jina lake Ndula, akanikuta.

"Mwalimu, unatafuta nini huku?"

"Reli."

"Reli gani?"

"Hii inayopita hapa."

Akanitazama usoni kwa muda. Hakucheka. "Mdogo wangu alikuwa hivi hivi," akasema. "Tulimwita mlevi mpaka tukamzika. Simama, dada. Twende."

Alishusha madebe yake ya asali, akayaacha porini, akanipakia kwenye baiskeli. Tulipofika nyumbani akamwambia Masanja, "Hajarogwa huyu. Mpeleke Tabora, apimwe malale, ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o."

Tukapanda treni. Hapa daktari alinitoa damu, kisha akasema, "Jikunje, usijitikise." Akanichoma sindano mgongoni, akatoa maji ya uti wa mgongo. Masanja ndiye aliyenisimulia yaliyofuata.

"Vijidudu vimefika kwenye ubongo," daktari alimwambia. "Dawa ipo, lakini ni kali. Wapo wanaofia kwenye dawa yenyewe."

"Na asipopewa?"

"Atalala, hataamka."

Masanja akakubali.

Dawa ile ilipita mshipani kama pilipili. Mkono ulivimba. Nilitapika, nikajikojolea, nikawatukana wauguzi. Masanja nilimwita kwa jina la marehemu baba yangu. Siku moja nilifumbua macho nikaona mtu amejilaza sakafuni kando ya kitanda, nyayo zake zimepasuka. Nikauliza, "Masanja, mbona umelala chini?"

Alilia mpaka wagonjwa wengine wakainua vichwa.

Kutembea nilijifunza upya, kutoka kitandani mpaka barazani. Siku ya kuruhusiwa mwuguzi aliniambia, "Ukianza kukimbia, usirudie njia moja tu. Kichwa nacho kinataka mazoezi."

Nikaanzia Kigwa, kando ya reli. Miguu iliikumbuka njia, lakini kichwani nilisahau kama naenda au narudi. Kila wiki nikajaribu njia nyingine: ya kisimani, ya kwenye mabanda ya tumbaku. Nilipotea mara mbili, nikauliza watu, wakanielekeza. Baadaye tukarudi kijijini. Nilipofika ile njia panda, nusura nirudi. Nikashika kushoto, upande nisiowahi kuufuata. Nikatokea kwenye mbuga pana yenye maua ya manjano, nikacheka peke yangu kama mwehu. Kwa nini nauona utamu wa msitu ulionipa ugonjwa? Sijui, jamani. Najua tu kwamba naenda, nimevaa nguo ya mikono mirefu.

Namshukuru Mungu, nawashukuru wauguzi, Masanja na Ndula. Mkimwona jirani anasinzia mchana, msimwite mvivu wala mlevi. Mpelekeni apimwe.

Nanyi mliolala hapa, mliochanganyikiwa kama nilivyokuwa mimi, nisikilizeni. Leo ni Alhamisi, asubuhi. Mko Tabora, hospitali. Huyo aliyeketi kando yako, anayekushika mkono, ni mtu wako.