Nilikwama juu ya mnazi wa shangazi nikitaka kuthibitisha kwamba dawa ya shamba ni uongo

Wakuu, salamu kutoka Tezo, Kilifi.

Haya ninayoandika yamenipata mimi mwenyewe. Wengine hapa mmeshaitazama video na kucheka. Leo msikie upande wa aliyekuwa juu.

Kwanza mnijue. Nina digrii ya fizikia na sina kazi, kwa hiyo muda wa kuuliza maswali ninao. Nikiambiwa jambo, nauliza nani kaliona. Mama alishanipiga marufuku kufungua mdomo matangani.

Tangu nimalize chuo naishi kwa shangazi yangu, Kadzo. Yeye anakula kwa nazi, na mimi nakula kwake. Mwaka huu wezi walimwandama. Anaamka asubuhi, anakuta makumbi matupu ya nazi yametapakaa shambani.

Basi siku moja akafunga vitambaa vyekundu kwenye minazi, akaenda kisimani na kutangaza kwamba shamba limewekewa dawa. Atakayepanda bila idhini atanasa huko huko juu, na hatashuka mpaka mwenye shamba aje amfungue.

Wizi ukakoma siku hiyo hiyo.

Mtu mwenye akili angeshukuru. Mimi nikaanza: dawa gani? Inafanyaje kazi? Ilijaribiwa wapi?

"Mnazi ule pale," shangazi akanijibu huku akikuna nazi. "Kajaribu wewe na hiyo digrii yako."

Jumamosi asubuhi akaenda sokoni Kilifi mjini. Nikaegemeza simu kwenye jiwe, nikawasha kamera, nikatoa hotuba fupi kuhusu ushirikina na maendeleo. (Hotuba hiyo mmeiona. Tusiizungumzie.)

Kupanda hakukunisumbua. Mgema wetu, Kazungu, amechonga vidato vya kukanyagia toka shinani mpaka juu. Nikafika, nikazungusha nazi moja mpaka ikakatika, nikaiangusha, nikaipungia kamera mkono. Sayansi moja, dawa sifuri.

Kisha nikatazama chini.

Wakuu, ukipanda mnazi, kidato kinachofuata unakiona kwa macho. Ukishuka, unakitafuta kwa vidole vya miguu. Na Kazungu ana miguu mirefu kama korongo, vidato vyake ameviachanisha kwa kipimo chake. Nikateremsha mguu wa kulia: hewa. Wa kushoto: hewa. Nikaukumbatia mnazi kama mtu aliyerudishiwa mchumba. Simu iko chini, inaendelea kunirekodi.

Halafu majimoto wakanigundua, wale chungu wekundu wa kwenye miti. Hao hawana haja ya dawa.

Nikapiga kelele. Wa kwanza kufika alikuwa jirani, Mama Sidi, na ndoo ya maji kichwani. Akanitazama, akakitazama kitambaa, ndoo ikaanguka.

"Mulungu wangu! Amenaswa!"

"Sijanaswa, mama! Nimeshindwa kushuka tu!"

"Basi kunaswa ni nini?"

Ndani ya dakika kumi kulikuwa na watu kama harusini. Waendesha bodaboda walizima pikipiki wakatoa simu. Mmoja aliokota simu yangu, akatafuta upande wenye mwanga mzuri.

Kazungu naye akaja. Nikaona nimepona.

"Kazungu, panda unishushe!"

"Ndugu yangu, nikikugusa tunanasa sote wawili. Jioni nani atagema?"

"Hakuna dawa, bwana! Ni woga! Miguu imeishiwa nguvu!"

"Imeishiwa na nini?"

Watu wakacheka mpaka kuku wakakimbia.

Shangazi akapigiwa simu. Alichukua karibu saa nzima kufika. Saa nzima, wakuu, na majimoto wameshafika mgongoni.

Alipofika alitazama juu, na mimi uso wake naujua: alikuwa anakizuia kicheko kwa meno. Akavua ndara, akaupiga mnazi mara tatu.

"Shuka, mwanangu. Mwenye shamba nimekufungua."

Hapo hapo Kazungu akapanda. Akanishika kifundo cha mguu, akakiweka kwenye kidato, kisha cha pili, kimoja kimoja kama anayemfundisha mtoto kutembea, mpaka nikakanyaga mchanga.

Shangazi akawa ananipangusa chungu mgongoni. Akaninong'oneza, "Vile vitambaa ni leso yangu kuukuu. Dawa hakuna. Sasa chunga mdomo wako."

Kabla sijapumua, kijana wa bodaboda akanisogezea simu usoni.

"Msomi, tuambie ukweli. Dawa ipo au haipo?"

Watu wote wakasogea karibu. Nyuma yao niliwaona majamaa wawili tunaowashuku kwa wizi wa nazi. Walikuwa wameinua shingo kuliko wote.

Nilikuwa na jibu sahihi. Nilikuwa nimelilipia kwa ngozi yangu. Na nilijua nikilitamka, kesho asubuhi shangazi ataokota makumbi.

"Ipo," nikasema. "Miguu iligoma kabisa. Sijui hata ilikuwaje."

Video ikafika mbali. Mhadhiri wangu wa zamani amenitumia alama ya kuuliza, moja tu, bila maneno. Sijamjibu.

Funzo nililopata: zamani nikiona video ya maajabu nilikuwa nauliza kama ni kweli. Siku hizi nauliza nani ana minazi nyuma yake.

Haya, na nyinyi mliowahi kula maneno yenu mbele ya kamera, jukwaa ni lenu, nisicheke peke yangu. Na kama unasoma ukiwa Tezo, cheka kimya kimya, usimwonyeshe jirani. Nazi bado hazijachumwa.