Farasi Wangu Kanyonyoka, Nikamsingizia Msusi

Leo nimemwita jirani yangu mwizi mbele ya wateja wake watatu.

Mwizi wa nywele za farasi. Msicheke, nilimaanisha.

Mnamjua farasi wangu mdogo, yule ambaye watoto hupiga naye picha ufukweni Bangwe siku za Idi. Wiki ya pili hii nywele za shingoni zinapungua. Na jirani yangu, Mama Zawadi, ni msusi. Nikajumlisha mwenyewe.

Nikaenda barazani kwake, hata salamu sikutoa.

"Unasukia watu nywele za farasi wangu!"

Hakugomba. Akaweka kitana chini. "Twende tukamwone, Baba Asha."

Bandani tukamkuta mbuzi. Mbuzi wangu mimi! Anatafuna nywele za farasi taratibu kama mchicha.

Mama Zawadi akagusa shingo ya farasi, akanusa vidole.

"Unampaka nini?"

"Mawese. Ang'ae."

"Mbona yananuka samaki?"

Jamani. Ni yale yanayobaki kwenye kikaango nikishakaanga migebuka. Yana chumvi. Mbuzi aione chumvi aiache?

Nilitamani ardhi ipasuke. Yeye akamfunga mbuzi, akamwosha farasi kwa shampuu yake ya kazini, akazisuka nywele zilizobaki.

Kisha akasema, "Farasi nimemaliza. Wateja wangu utawaambia mwenyewe."

Wako palepale barazani, mmoja kasukwa nusu kichwa. Mimi bado niko bandani na mbuzi, nawaandikia nyinyi.

Nikitoka naanzaje, na salamu yenyewe niliiruka?