Kesi Ambayo Haikutarajiwa

Kwenye ghorofa ya kumi na moja ya ofisi ya kanda, mjini Chicago, Bernice Piechota aliitwa mpiga ramli. Jina lilianza kama mzaha wa mawakili, likakomaa, likawa kama cheo. Kila mwezi wa nane idara ya mazingira ilipaswa kupeleka Washington orodha ya kesi kubwa ilizotarajia kuzifungua mwaka unaofuata: kiwanda gani kitashitakiwa, kwa kosa gani, lini, na uwezekano wa kesi hiyo kufika kortini ni kiasi gani kwa kumi. Aliyeiandaa orodha hiyo kwa miaka kumi na miwili ni Bernice.

Hakuwa mwanasheria wala mhandisi. Alikuwa binti wa mfua chuma wa upande wa kusini wa jiji, Mpolandi aliyekufa mapafu yamekauka, na aliingia idarani kama mpiga chapa. Lakini alikuwa na sikio. Alipita korido na kikombe chake cha kahawa, akimsikiliza mhandisi anavyolitaja faili, kama analitaja kwa pupa au kwa kuguna. Alijua wakili gani anakaribia kuhama, na jaji gani huwarudisha watu wa serikali kwa kosa la tarehe tu. Kisha alikaa mezani na kuandika: saba kwa kumi, tano kwa kumi, mbili kwa kumi. Iliyopata chini ya tano haikuingia kwenye orodha.

"Mama Bernice, ramli inasemaje mwaka huu?" mawakili walimtania.

"Inasema wewe utapoteza miwani tena."

Walicheka, lakini walimwamini. Katika kila kesi kumi alizozitabiri, tisa zilifika. Hakuna kanda nyingine iliyokaribia hapo, na mkuu wake, Gordon Haaland, mtu mpole mwenye hofu ya simu za Washington, alimtundikia cheti ukutani. Bernice hakukionyesha kwa wageni, ila kila Ijumaa alikifuta vumbi.

Mwaka 1986 mhandisi aitwaye Emmett Sandoval alimletea faili la Tolliver, mji mdogo wa Indiana wenye kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi, madini yale mazito yanayoingia kwenye damu na kukaa humo.

"Hii iweke, Bernice," alisema Emmett. "Shule iko nyuma ya ukuta wa kiwanda. Ukuta kabisa, si mtaa wa pili."

Bernice alilifungua. Sampuli za udongo zilichukuliwa siku moja tu, mkaguzi aliyezichukua alikuwa amestaafu na kuhamia Arizona, na lakiri ya chupa mbili, ile nta inayothibitisha hazikufunguliwa, ilikuwa imevunjika kabla ya kufika maabara. Wakili wa kiwanda angeyachana yote hayo asubuhi moja. Aliandika tatu kwa kumi, na Tolliver ikabaki nje.

Mwaka uliofuata Emmett alirudi na faili lile lile. Halikuwa limenenepa hata ukurasa. Bernice aliuliza sababu, naye akamwambia kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Maabara haina fungu la kesi isiyo kwenye orodha. Nimeomba mara nne." Bernice akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. Akaandika tena tatu kwa kumi.

Februari ya mwaka 1988, theluji ikiwa imegeuka tope jeusi barabarani, mwanamke Mweusi wa miaka sitini hivi alitoka kwenye lifti, koti limefungwa vifungo hadi kooni, barua mkononi. Aliitwa Odessa Pruitt. Alikuwa amesafiri muda wa saa tatu kwa basi kutoka Tolliver. Mapokezi walimzungusha kwa watu watatu, na wa tatu akamleta kwa Bernice.

"Wewe ndiye unayetarajia?" aliuliza, bila kuketi.

"Sijakuelewa, Bi Pruitt."

Aliinyoosha barua juu ya meza. Ilikuwa ya idara, imetiwa sahihi na Gordon. Bi Pruitt aliusoma mstari mmoja kwa sauti, taratibu, kidole kikifuata maneno. "'Hatua za kisheria dhidi ya kiwanda hicho hazitarajiwi kwa mwaka huu.' Nimeuliza huko chini: hazitarajiwi na nani? Maana sisi kule tunazitarajia kila siku. Wakaniambia iko orodha, na mwenye orodha ni wewe."

Bernice alianza kueleza habari za lakiri na mkaguzi wa Arizona. Alieleza vizuri, kwa adabu. Bi Pruitt alimwacha amalize.

"Nina mjukuu, Clarice," alisema. "Ana miaka saba. Muuguzi wa wilaya amempima damu mara mbili. Mwaka juzi alikuwa anasoma vibao vya barabarani vyote, ananichosha kwa kusoma. Sasa anashika kitabu, anakiangalia, halafu analia. Anajua kuwa alikuwa anajua. Hilo ndilo linaloniua, mama. Anajua."

Bernice alimpa maji, naye hakuyanywa. Alipoondoka, barua ilibaki mezani.

Jumamosi iliyofuata Bernice aliendesha gari lake mwenyewe hadi Tolliver, bila kumwambia mtu. Uwanja wa shule na uwanja wa kiwanda vilitenganishwa na ukuta ule tu. Vumbi la kijivu lilikuwa limelala juu ya theluji, kama majivu ya jiko lililopuliziwa. Alimkuta Bi Pruitt kwenye ukumbi wa kanisa, akikaanga samaki wa kuuza kwa ajili ya mfuko wa kutengeneza paa la kanisa. Hakushangaa kumwona, wala hakufurahi.

"Umekuja kutarajia au umekuja kula?"

"Nimekuja kuona."

"Basi shika hii sahani, usisimame mlangoni, unawazuia watu."

Alikula amekaa peke yake. Clarice alikuwa meza ya pili, anatoa miiba ya samaki kwa uangalifu mkubwa na kuipanga ukingoni mwa sahani. Bernice hakumsogelea. Alihisi hana haki hiyo.

Jumatatu alikwenda chumba cha majalada, akatoa orodha zake zote kumi na mbili pamoja na karatasi za kesi alizoziacha nje. Zilikuwa thelathini na moja. Alizifuatilia moja moja kwa wiki mbili. Ni mbili tu kati ya hizo zilizowahi kufika kortini. Nyingine hazikuwa zimeshindwa, kwa maana hakuna aliyezijaribu. Hazikupewa wakili, wala maabara, wala shahidi mtaalamu. Sifa yake yote ya kutabiri ilisimama juu ya hizo: za orodhani zilifika kwa fungu ambalo hizi zilinyimwa. Alikuwa amesema hazitafika, na kwa kusema hivyo alikuwa amezifunga miguu.

Alifunga mlango wa ofisi ya Gordon na kumwekea karatasi mbele.

"Lakini ulikuwa sahihi," Gordon alisema baada ya kusoma. Alisema kwa wema, kama mtu anayemfariji mfiwa.

"Gordon, mganga akimnyima mgonjwa dawa kwa sababu atakufa, kisha mgonjwa akafa, huyo naye ni sahihi?"

"Hatukumnyima mtu dawa."

"Mimi nimenyima. Wewe umetia sahihi."

Gordon alivua miwani, akaifuta. Hakuwa mtu mbaya. Alijua tu kwamba kanda inayoahidi kesi isiyofika huitwa Washington kujieleza.

Agosti ilipofika, Bernice aliandika Tolliver mstari wa kwanza kabisa. Hakudanganya tarakimu. Aliandika tatu kwa kumi, kisha kando, kwa mkono: *Ikipewa sampuli mpya, saba. Isipopewa, haitafika, na sisi ndio tutakuwa sababu.* Gordon alikaa na karatasi hiyo siku nne. Siku ya tano alifuta maneno matano ya mwisho, akatia sahihi, akairudisha bila kumtazama usoni. Bernice aliyaacha yafutwe. Mstari ulikuwa umebaki.

Simu ya Washington ililia wiki hiyo hiyo. Sauti changa ilimwuliza kama ni kosa la chapa.

"Si kosa," alisema Bernice.

"Tatu kwa kumi haiwezi kuwa ya kwanza, mama."

"Ndiyo hiyo ya kwanza. Nyingine zitafika hata nikilala."

Fungu la sampuli lilitoka masika ya mwaka uliofuata. Emmett alichimba mwenyewe, mashimo mia na kumi, kila chupa na lakiri yake. Hata hivyo kesi haikufika mwaka huo. Kanda ililaumiwa kwa maandishi, na Bernice akapata alama ya chini kabisa tangu aajiriwe. Cheti alikishusha mwenyewe kabla mtu hajamwambia, akakitia sandukuni. Mawakili waliacha kumwuliza habari za ramli. Wengine walimkwepa koridoni, si kwa chuki, bali kwa haya ile ya mtu anayeogopa kuambukizwa mkosi.

Kesi ilifunguliwa Oktoba 1990. Kiwanda hakikungoja hukumu. Kilikubali kuzima tanuri, kisha kikatangaza kufilisika, na gharama ya kusafisha ikaangukia serikali. Masika ya 1992 matingatinga yaling'oa udongo wa nyua arobaini na mbili, kina cha goti, pamoja na uwanja wa shule. Bernice alikuwa amestaafu miezi miwili kabla. Alimpigia Bi Pruitt na kumwomba ruhusa ya kwenda.

"Njia ni ya serikali," Bi Pruitt alijibu. "Siwezi kukufungia."

Alikwenda. Walikaa kwenye ngazi za nyumba, mbele yao udongo mpya mwekundu ulioletwa kutoka wilaya nyingine, hauna hata jani. Clarice, sasa miaka kumi na mmoja, alitoka shuleni na mwalimu wake maalumu, akawaamkia kwa sauti ya chini, akaingia ndani.

"Risasi iliyo kwenye mifupa haitoki," Bi Pruitt alisema. "Daktari amenieleza wazi. Kwa hiyo sitakushukuru. Ila nakuona umekuja."

"Sikuja kushukuriwa."

"Najua."

Lori lilipita, likapita jingine. Kisha Bi Pruitt akasema ana binamu katika mji wa Weller, ng'ambo ya mto, ambako kuna kiwanda cha namna hiyo hiyo, na watu wanaandika barua kila mwezi bila jibu.

"Barua zimetumwa kwa nani?" Bernice aliuliza.

"Kwa idara. Kwa nani mwingine?"

"Zisiende kwa idara. Ziende kwa mtu. Mwambie binamu yako apige simu mwezi wa sita, si wa nane, wa nane wanakuwa wamekwisha kufunga orodha. Amwombe Emmett Sandoval. Amwulize hivi: sampuli ngapi, za siku ngapi, na nani alizichukua. Asikubali kuambiwa 'tutaona'."

Bi Pruitt aliingia ndani, akatoka na kalamu na kalenda ya kanisa.

"Rudia," alisema, "polepole. Sampuli ngapi, halafu?"