Sauti ya Mama Iliyopigwa Pasi

Mama yangu alikuwa akianza wimbo kwa sauti ndogo sana, hata watu wa mabenchi ya nyuma waliacha kukohoa ili wamsikie. Alijifunza kuimba hivyo Masisi, akichunga ng'ombe wa baba yake. Alipohamia Goma, kwaya ya kanisa letu ilimpa mstari wa kwanza wa kila wimbo. Alipanda taratibu. Mkifika ubeti wa tatu mabati yanatetemeka, nawe hujui ni wapi hasa alikupandisha naye.

Mimi niliimba sauti ya pili, nyuma yake. Tulipoamua kurekodi, mkuu wa kwaya alituchagulia studio moja ya mtaa wa Birere, chumba kilichobandikwa magodoro ukutani. Fundi wa sauti alivaa miwani ya jua ndani ya chumba kisicho na dirisha. Hilo peke yake lingetosha kunionya.

Baada ya wiki mbili alituita tusikilize. Kwenye rekodi mama alianza wimbo, akaanza kwa kelele. Mnong'ono wake ulikuwa umevutwa juu hadi ukalingana na ngoma, pumzi zake zikasikika kama za mtu anayesukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, mlimani, na pale alipopaswa kupanda hapakuwa tena na pa kupanda.

"Umefanya nini?" nikamuuliza fundi.

"Ni kompresa, dada," akajibu, kwa fahari ya mtu aliyevumbua moto. "Inashusha sauti za juu, inapandisha za chini, yote inakuwa nguvu. Leo mutu anasikilizaka mu telefone, juu ya pikipiki. Akisikia kimya, anafikiri imekufa."

Wenzangu wakapiga makofi. Mkuu wa kwaya akasema sasa tunasikika kama watu wa Kinshasa. Mama akauliza kwa upole, "Na huyu mwanamuke anayegomba ni nani?" Wakacheka, wakidhani anatania. Hakuwa anatania.

Tangu siku hiyo ninawadharau mafundi wa namna ile, nao wamejaa mjini, kwenye harusi, kwenye ibada, kwenye kila sherehe yenye turubai. Hawana masikio, wana vidole tu. Asiyejua kupika humwaga pilipili. Hao humwaga kelele, kisha hukuuliza mbona hulii kwa furaha.

Msimu wa mvua uliofuata mama aliugua, akafariki. Nilirudi studio kuomba sauti yake ya awali, ile kabla ya kupigwa pasi.

"Ile nilishaifuta," fundi akasema, akionyesha kompyuta yake. "Ilikuwa inajaza ordinateri."

Hata miwani hakuivua.

Siku ya mazishi, asubuhi, mkuu wa kwaya alileta spika mbili uani kwetu, akauweka wimbo ule wa studio. Alikuwa na nia njema. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Waombolezaji wakaanza kulia. Nikaenda, nikachomoa waya.

"Mwanangu!" shangazi akashtuka. "Ni sauti ya mama yako!"

"Si yake, shangazi."

Ua mzima ukanigeukia. Ikabidi nianze wimbo mimi. Nilianza kwa sauti kubwa mno, bila ufundi wowote, na neno la tatu nikaliacha katikati. Mwanakwaya mmoja akalipokea neno, kisha mwingine, na wakaendelea hivyo, chinichini, hadi jeneza likatolewa nje.