Mshiriki wa Nne

Barazani tulikuwa wanne. Mimi mwenye nyumba. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ninayeishi naye Kariakoo hii tangu niolewe. Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu mkubwa, anayesoma chuo kikuu. Na mwalimu wake, dada mmoja mpole ambaye kazi yake pale chuoni ni kuwasaidia wanafunzi kuandika. Majina yao ninayo yote, na ya baba zao. Siyaandiki. Nao waonje.

Mjukuu alikuwa anaandika utafiti juu ya wanawake tulioanza kuuza mitumba Mchikichini. Nilimsimulia mchana kutwa: nani alikuwa wa kwanza kutandika turubai, nani alipigana na mgambo akiwa na mimba, nani alifia sokoni juu ya belo lake la nguo. Kila mmoja nilimtaja kwa jina. Siku hiyo ya barazani mwalimu alikuja kumsaidia kuipanga sura aliyoiandika kutokana na masimulizi yangu. Akamwambia aisome kwa sauti, maana pale ulimi unapojikwaa ndipo penye kasoro. Mjukuu anasomea Kiswahili, kwa hiyo kila neno nililielewa, bahati mbaya yao.

Akasoma: "Mshiriki wa Nne anaeleza kuwa rafiki yake alifariki sokoni."

Nikamuuliza huyo wa nne ni nani.

"Ni wewe, bibi."

Mwalimu akaeleza kwamba ndio utaratibu, majina yanafichwa ili watu walindwe. Nikamuuliza anamlinda nani, na mwenzangu yuko makaburini miaka yote hii. Akasema basi naweza kujichagulia jina la bandia.

Wifi akacheka. "Muandikeni Bi Shari. Hilo litamkaa kama gauni la fundi."

Nikawaambia wanitoe, mimi na wenzangu wote niliowataja.

"Bibi, sura nzima ni wewe," mjukuu akasema. "Nakabidhi wiki ijayo. Unataka nifeli?"

"Mimi si namba tu? Katafute namba nyingine."

Akamtazama mwalimu amtetee. Mwalimu, na hapa nampa haki yake, akasema mtu akikataa anatolewa. Wakakaa palepale mbele yangu wakifuta. Akawa anamfundisha kwamba kufuta maneno hakutoshi, kila hoja iliyoyaegemea lazima nayo ijengwe upya. Chai yangu hawakuigusa. Mjukuu alikuwa analia huku anafuta. Sikumbembeleza.

Kesho yake alienda Mchikichini, akapata wauzaji wengine, wa juzijuzi tu, wakakubali kuwa namba bila hata kuuliza. Amefaulu. Habari hizo nimezipata kwa wifi, mwenyewe hajaniambia. Shikamoo yake siku hizi anaitupa huku anapita. Nasikia utafiti umejalidiwa, umewekwa kwenye maktaba yao, na yule aliyefia sokoni hayumo hata kama rafiki wa mtu.

Ikiwa ulikuwepo Mchikichini miaka ile, au ulipita mtaani siku tunagombana, na unaona nimekosea mahali, njoo barazani unisahihishe. Usimtume mjukuu.